Mashine ya Kukatia Pembe na Macho ya Babu

Ebei, na wewe Apua, wadogo zangu, najua mtacheka mkisikia nimestaafu. Mtu wa miaka kumi na tisa anastaafu aje? Lakini hesabuni wenyewe. Tangu kidato cha kwanza, kila likizo na kila Jumamosi, halafu mwaka mzima baada ya mtihani wa mwisho, nimeshinda kwenye karakana ya Babu, ile ya mabati nyuma ya nyumba. Wiki ijayo naenda chuo kusomea mambo mengine kabisa. Jana nimefagia, nimepaka reli mafuta kidogo, na wewe Apua nimekupa funguo. Huko kwingine mtu akimaliza kazi hivyo huitwa mstaafu, kwa hiyo niacheni na cheo changu.

Naandika kwa sababu mnanijua. Ningejaribu kuwaambia haya tukila, ningeangalia sahani na kumaliza kwa maneno manne. Kwenye daftari siogopi mtu.

Nianze na matundu mawili ya ukuta wa nyuma, yale yaliyozungushiwa mpira wa tairi. Wageni huuliza kama ni ya panya. Ni ya mashine. Mashine yetu ya kukatia pembe si ile ya kushuka tu kama panga. Kichwa chake, chenye mota na bledi ya mviringo yenye meno, kinateleza mbele na nyuma juu ya reli mbili za chuma, ndiyo maana inaweza kukata ubao mpana ambao mashine ya kawaida ingeuacha nusu. Sisi kabla ya kununua tulipima meza, tukapima mlango, hata tukapima sakafu ya pickup ya Baba Mdogo itakapokaa njiani. Nyuma ya meza hatukupima. Tuliiweka, nikausukuma mkono wake, na reli zikagonga mabati: ngwaa! Kichwa hakikufika hata nusu ya safari yake.

Baba Mdogo alisimama pale, mikono kiunoni. "Sasa tusogeze meza ama tusogeze nyumba?"

Meza ilikuwa imechimbiwa chini. Tukatoboa ukuta. Siku ya kwanza nimekata mbao mbili tatu, raha tupu, nikasikia kelele nje. Mama Halima, jirani yetu, alikuwa ameshika mbuzi wake shingoni.

"Salaam aleikum! Akiru! Hii ukuta yenu inadunga mbuzi yangu!"

Mbuzi alikuwa amejiegemeza kwenye mabati kupata kivuli, na vyuma viwili vikamdunga ubavuni bila habari. Niliomba msamaha hadi sauti ikaisha. Mama Halima alicheka baadaye, lakini mbuzi hakurudi upande ule tena. Kwa hiyo siku moja mkinunua yenu, kabla hamjaipenda, zungukeni nyuma yake. Vuteni kichwa, sukumeni mpaka mwisho, halafu mpime nafasi inayotaka mgongoni. Siku hizi kuna zile ambazo reli zake hazitoki nyuma, unaweza kuisukuma hadi ukutani. Sisi hatukujua. Uzuri wa mashine unaangaliwa kutoka mbele, na shida zake zinakaa nyuma.

Lakini hiyo ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilitokea kabla yake, dukani, na mimi ndiye niliyeileta.

Mnajua Babu hatumii penseli. Mnamwona akishika kisu kidogo, anaegemeza skwea ya kupimia pembe, anachora mstari ambao ni mfereji mwembamba kama unywele. Ananiambia penseli ni ya karani. Mstari wa penseli una unene, utakata upande gani wake? Kisu hakina ubishi. Unaweka meno ya msumeno kwenye mfereji na yanakaa yenyewe. Nilimwamini, na hadi leo naamini, maana ni kweli. Fanyeni hivyo hata mkipata mashine ya bei gani.

Nilichochelewa kujua ni kwamba ule mfereji Babu alikuwa anausoma kwa ukucha.

Nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa asubuhi ya saa nne, wakati ule jua linaingia kupitia matundu ya misumari kwenye paa na vumbi la mbao za saipresi linaelea katika hizo nyuzi za mwanga, taratibu, kama limesahau kuanguka. Nilikuwa napenda saa hiyo kuliko zote. Nilikuwa nakaa tu, mikono mapajani, naangalia vumbi, nasikia msumeno wa Babu ukipumua, na naona kama karakana nzima iko chini ya maji na sisi ni samaki wawili wasio na haraka. Siku hiyo nilikuwa nimempimia ubao wa mlango, na kwa uvivu nikachora penseli. Babu akaweka mguu juu ya ubao, akaanza kukata. Kidogo kidogo nikaona msumeno unaenda pabaya, shubiri nzima mbali na mstari wangu. Nikafikiri ana sababu. Nikatazama tena. Kivuli cha waya wa stima wa nje kilikuwa kimeingia mlangoni na kulala juu ya ubao, chembamba, cheusi, kimenyooka. Babu alikuwa anakata kivuli. Na kwa sababu jua lilikuwa linatembea, kivuli nacho kilisogea, na Babu akakifuata, mpaka mkato ukawa na mgongo kama wa ngamia.

Alipomaliza akapitisha kidole gumba kwenye mkato.

"Akiru."

"Ndiyo, Babu."

"Umeona."

"Nimeona."

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi iwe hivyo." Akachukua ule ubao akauweka na kuni.

Kuanzia siku hiyo nikawa macho yake bila mtu kujua. Nilikuwa nachora kwa kisu, naweka ubao, nagonga mara moja meza upande wa kukata. Kwa mtu mwoga kama mimi, kazi ya kutunza siri ni tamu. Hutakiwi kusema chochote. Nilijiona mtu muhimu. Sikujiuliza hata siku moja kama namsaidia ama namficha mbali na daktari. Naandika hivyo kwa sababu ni ukweli, na sitaki mnione mwema kuliko nilivyokuwa.

Halafu mwaka uliofuata kaunti ikajenga chekechea mpya kule Gotu, na Babu akapata kazi ya viti sitini vya watoto. Viti sitini ni miguu mia mbili na arobaini, yote urefu mmoja, na juu ya kila kiti fremu yenye pembe nne zilizokatwa mshazari. Kwa msumeno wa mkono tungefika na watoto wameoa. Baba Mdogo, ambaye kazi yake ni kupeleka bidhaa Merti na kurudi, akasema tununue mashine, na pickup ikapangwa Jumamosi.

Babu alinyoa ndevu siku hiyo. Alivaa koti.

Dukani kulikuwa na mashine mbili za mtumba juu ya meza ya mbele, karibu na mlango. Ya kwanza kubwa, ya manjano, bledi upana wa sinia, imeng'arishwa. Ya pili ndogo zaidi, rangi imebanduka, mkono wake umefungwa utepe mweusi. Muuzaji alikuwa kijana wa upande wa Meru, jina lake Mwenda, mcheshi, anaongea huku anapangusa.

"Mzee, karibu. Hii kubwa ndio mambo yote. Angalia hii." Akabonyeza kitu na mstari mwekundu wa taa ukalala juu ya ubao. "Hakuna kupima tena. Fuata nyekundu tu. Hata mtoto wa chekechea anaweza."

"Mambo ya kisasa," akasema Baba Mdogo. "Mzee, unaona hiyo taa?"

"Naona," akasema Babu.

Mimi nilikuwa mlangoni, na jua lilikuwa linanipiga mgongoni na kuingia moja kwa moja mpaka mezani. Katika mwanga ule hata mimi, na macho yangu mazima, ule wekundu nilikuwa nauona kwa shida, kama mtu anavyokumbuka ndoto.

"Jaribu mwenyewe, mzee," akasema Mwenda. "Stima iko."

Babu akasogea. Akashika mkono wa mashine kwa kulia, ubao kwa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa unatafuta. Niliujua huo utafutaji, ukucha ukitembea juu ya mbao ukitafuta mfereji, na hapakuwa na mfereji, maana nani amechora? Kidole gumba kikaendelea kusogea, taratibu, mpaka kikasimama. Ule mstari mwekundu ulikuwa juu ya ukucha wake.

Mota ikawaka.

Jamani, mimi ni yule msichana aliyeshindwa kusoma somo kanisani hadi wakampa mwingine. Lakini nilisikia mtu amepiga kelele, "Babu, acha! Babu haoni! Haoni mstari!" na wote walipogeuka kuniangalia ndipo nikajua ni mimi.

Babu aliachilia swichi. Bledi ikaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda mrefu sana, inalia, inashuka, inalia kidogo, mpaka kimya. Katika kimya kile ningetaka kuyeyuka niingie kwenye nyufa za sakafu.

"Haoni?" Baba Mdogo akaniuliza mimi, halafu akamgeukia baba yake. "Haoni tangu lini?"

"Tangu huyu akiwa kidato cha pili," Babu akajibu. Hakuniangalia. "Kabla ya hapo nilikuwa naona kama mtu aliye ndani ya moshi."

Mwenda alikuwa amekunja kitambaa chake mara nne. "Pole, mzee. Mimi sikujua."

"Hukuambiwa," akasema Babu. "Zima hiyo kitu kwa ukuta, chomoa waya kabisa. Sasa nitanunua mashine."

Na hapa sikilizeni, maana hii ndiyo elimu niliyoiona kwa macho yangu. Babu alivua koti akampa Baba Mdogo. Akavuta kichwa cha ile ya manjano mpaka mwisho wa reli, akakishika na kukitikisa kushoto, kulia. Kilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akafanya vilevile kwa ile ndogo, mbaya wa sura: imara, hata utepe haukulia. Akazungusha meza yake ya chini. Kila ilipofika pembe inayotumika sana ilijifunga yenyewe, tak, na haikutaka kutoka bila kulazimishwa. Akamwambia Mwenda aiwashe na kuizima bila kukata kitu, na bledi ikasimama kabla hujamaliza kusema moja, mbili, tatu, maana ilikuwa na breki.

Halafu akaomba ubao mpana. Mwenda akaukata katikati kwa ile mbaya. Babu akageuza kipande kimoja tumbo juu, akaegemeza vyote viwili kwenye ubao mwingine ulionyooka, akasukuma mikato ikutane. Mashine ikiwa imepinda hata kidogo, ukigeuza hivyo upindaji unaonekana mara mbili. Kipande kimoja hudanganya, viwili hushtakiana. Akapitisha ukucha kwenye maungio. Akauliza, bila kugeuka, "Mwanga unapita?"

Hakusema anauliza nani. Mwenda akainama, akafunga jicho moja. "Haupiti, mzee."

"Funga hii," akasema Babu.

Njiani kurudi nilikaa nyuma na mashine, nimeikumbatia kwa sababu ya mashimo ya barabara. Babu hakunisemesha. Tulipofika hakunisemesha. Baba Mdogo akampeleka kwa daktari wa macho wiki hiyo, na daktari akasema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, kilichobaki kilindwe kwa dawa ya matone. Kama angeletwa mapema, daktari alisema, na Baba Mdogo alipofika hapo katika kusimulia, mimi nikatoka nje.

Babu alihamishia kiti chake nje ya karakana, kando ya mlango, na redio. Hakuingia ndani. Nilikuwa nampelekea chai, anasema "asante" kama unavyomwambia mtu wa mkahawa. Nyinyi mlikuwa wadogo, mnakumbuka tu kwamba Babu alikuwa na redio. Mimi nilikuwa naandika kila jioni kwenye daftari: leo pia hakuna.

Viti vilikuwa vinangoja, basi nikakata peke yangu. Nilijifunza kwamba kwa ubao mpana unavuta kichwa kwako kwanza, kikiwa juu, unawasha, unashusha, halafu unasukuma kwenda mbele. Usikate ukivuta. Nilijaribu mara moja, bledi ikapanda juu ya ubao na kunirukia kama mbwa aliyefurahi kupita kiasi, na nikakaa chini nusu saa. Nilijifunza kutonyanyua kichwa kabla bledi haijasimama. Nilijifunza pia kungoja. Mashine ya posho ya jirani ikianza kusaga mahindi, stima inapungua na mota yetu inaguna kama imeamshwa usingizini. Ukilazimisha, unaiunguza. Acha wasage. Kaa uangalie vumbi.

Kwa miguu ya viti nilifunga kipande cha mbao mezani kiwe kizuizi. Unasukuma mti mpaka uguse kizuizi, unakata, unasukuma mwingine, hakuna kupima. Nilikata miguu mia na zaidi kwa siku mbili, nikiwa katika hali fulani ya kuota, mikono inakwenda yenyewe, harufu ya saipresi kifuani, na nikajiambia Babu anasikia huko nje, lazima anasikia navyokata vizuri. Siku ya tatu nikaunganisha viti vinne vya kwanza. Vyote vinne vilitikisika. Nikasaga mguu huu, kikatikisika upande ule. Nikakagua pembe, nikakagua bledi. Niligeuza ubao na kuangalia mwanga, haukupita. Mashine ilikuwa sawa. Mimi ndiye sikujua tatizo liko wapi, na mtu wa kumuuliza alikuwa hatua sita kutoka kwangu, amepunguza sauti ya redio.

Nilikaa sakafuni nikalia. Si kwa sababu ya viti tu.

Nikaona viatu vya Babu mlangoni. Aliingia akiwa ameshika ukuta. Hakuniambia nyamaza. Akainama kwenye lundo, akachukua mguu kutoka chini kabisa, wa kwanza kukatwa, na mwingine kutoka juu, akaisimamisha mezani pamoja na kuweka kiganja juu yake.

"Huu mrefu. Huu mfupi. Kiasi cha ganda la yai."

"Babu, kizuizi hakijasonga. Naapa."

"Hakijasonga." Akapeleka kidole kwenye pembe ya kizuizi, chini, mahali kinapokutana na meza, akachokoa. Kidole kilirudi na unga mweupe uliogandamana. "Vumbi. Kila ukikata linaingia hapa. Wewe unagusa vumbi, unafikiri umegusa mbao."

Ndiyo maana hicho kizuizi mlichoachiwa kimechongwa chini, kina upenyo. Ni njia ya vumbi. Msikitupe mkidhani ni ubao ulioharibika.

Babu akavuta ile stuli ya kupakia gundi, akakaa.

"Umewaambia watu sioni," akasema.

"Nisamehe, Babu."

"Kidole hiki hapa. Nakusamehe nini?" Akakikunja, akakikunjua. "Nilikasirika kwa sababu ulisema lile moja tu, ukanyamaza tena. Mtu akishasema baba wa watu haoni, asikae kimya. Aseme anachoona yeye."

"Niseme nini?"

"Huo mti ulioshika uko aje?"

"Uko... mweupe. Una mstari mwekundu."

"Mwekundu kama nini?"

Nikauinua kwenye mwanga. "Kama maji ya mto Ewaso mvua ikinyesha juu milimani."

"Unapita mpaka mwisho?"

"Unaishia kwa fundo. Fundo lina ufa."

"Basi huo si mguu, mtoto atauvunja. Tafuta mwingine. Uniambie."

Siku hiyo niliongea kuliko miaka yote ya sekondari. Nilimwambia rangi, nyufa, pembe, vumbi lilipo hewani, Mama Halima anapita na ndoo. Mimi nikikata, yeye anapima kwa kiganja, na mguu usiompendeza unaruka nje mlangoni. Yule aliyeshindwa kusoma somo kanisani alikuwa anasoma karakana nzima kwa sauti.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi ninayowaachia, mashine ni nyongeza tu. Ebei, wewe unameza maneno, na Babu atakurudisha nyuma kila mara: kama nini? Usichoke. Apua, wewe unapenda kupamba. Usimpambie. Mkato ukipinda, mwambie umepinda, hata kama ni wako, hata kama kuna mteja. Na asishike ule mkono wa mashine hata akisema ni kidogo tu. Atasema. Mimi ameshaniambia mara nyingi, kwa upole sana, na kila mara nimemkatalia.

Tulipopeleka viti Gotu Babu alitaka kwenda pia. Tulivipanga darasani, watoto wakaingizwa, kelele zikajaa mpaka kwenye paa. Baba Mdogo alikuwa nje na wazee. Babu alisimama ndani, koti lake limefungwa vifungo vyote, anatabasamu, uso ameuelekeza ukutani mahali hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mwalimu aliona, akainamisha kichwa. Mimi nikamshika Babu mabega, nikamgeuza pole pole mpaka akawaelekea watoto, nikaanza kumwambia ninachoona, kwa sauti, mbele ya watu wote, kuanzia mstari wa kwanza wa viti.